Kula bila mateso baada ya kuwekewa implanti ya jino, kuanzia siku ya ganzi mpaka siku ya kraun

Siku nilipotoka kwa daktari wa meno na implanti mbili kwenye taya la chini nilipewa karatasi ya maelekezo, na kuhusu msosi kulikuwa na mstari mmoja tu umeandikwa kula vyakula laini. Basi, umeishia hapo. Laini kivipi, kwa siku ngapi, nikianza kutafuna naanzia upande gani, wali je ni laini au sio laini, hakuna. Nikaja kujifunza kidogo kidogo, mengine kwa kuuliza kila nilipoenda kuchekiwa, mengine kwa kuumia, na tangu hapo kila nikisikia mtu anaenda kuwekewa nakaa naye chini namwelezea mpaka mwisho. Sasa nimeamua niyaandike yote mahali pamoja.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla ya yote maana hatua zote zinatoka hapo: maumivu na mfupa haviponi pamoja. Fizi inapona haraka, wiki mbili hivi nyuzi za mshono zimetoka na unajisikia mzima kabisa, lakini mfupa unataka miezi, mara nyingi 3 mpaka 6. Ile implanti ni skrubu ndogo ya titani (kraun ndo lile jino bandia linalofungwa juu yake mwishoni), na siku ya kwanza inashikiliwa na mbano tu, kama skrubu yoyote kwenye mbao. Halafu mwili unaanza kuondoa ule mfupa wa pembeni uliochubuliwa wakati wa kutoboa na kujenga mpya unaoing'ang'ania titani yenyewe (aliyeligundua hilo ni Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, na mgonjwa wake wa kwanza alimwekea mwaka 1965). Sasa pale katikati mbano wa mwanzo unapungua na mfupa mpya bado haujakomaa, na kipindi hicho kinaangukia kama wiki ya tatu au ya nne. Umenisoma hapo? Yaani wiki ileile ambayo maumivu yameisha, uvimbe umeisha, na unatamani kutafuna kitu cha maana, ndo wiki ambayo skrubu imeshikwa kidogo kuliko wiki zote. Ikitikiswa sana kipindi hicho, hata kama ni kamtikisiko kadogo ambako huwezi kukaona kwa macho, mwili unaweza kujenga nyama ya kovu kuizunguka badala ya mfupa, na implanti ikishazungukwa hivo haishiki tena, inabidi itolewe. Kwa hiyo kula kwa kuangalia kalenda, usile kwa kuangalia maumivu.

Na daktari wako akikwambia tofauti na ninayoandika humu, fuata yake. Yeye ndo aliyeifunga ile skrubu kwa mkono wake, anajua imebana kiasi gani, anajua kama amekuongezea mfupa au hajakuongezea, mimi sijui.

Hatua ya 1: Jiandae siku mbili kabla

Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu wanafikiria watapika wakirudi. Hutapika. Utarudi umevimba, mdomo mzito, unataka kulala tu. Pika kabla, supu mbili tofauti hivi, ya mboga na ya kuku au dengu, saga kwenye blenda, gawa kwenye vibakuli vidogo vya mlo mmoja mmoja na ugandishe. Vidogo ni muhimu kwa sababu mwanzoni unakula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, ukiyeyusha sufuria zima utaboreka nalo siku hiyohiyo.

Weka ndani pia mtindi usio na vipande vya matunda, mayai, maziwa, ndizi mbivu, parachichi, viazi, oti, boga. Na kijiko cha chai. Usikidharau hiki kijiko, maana taya litakuwa limekaza na mdomo haufunguki vizuri, kijiko kikubwa kinagonga nyuzi na kinakufanya uachame kuliko unavyoweza.

Kitu kingine, andaa vyenye chumvi. Ukiangalia orodha nyingi za vyakula laini zimejaa vitamu, aiskrimu, jeli, pudingi, juisi, na siku ya tatu utakuwa umechoka sukari hutaki hata kuiona, halafu unaamua kula tu kitu kigumu kwa hasira. Mi nilifika hapo siku ya tatu asubuhi. Supu ya kuku iliyosagwa yenye ladha ya kawaida ya chakula cha nyumbani ndo iliniokoa.

Kama unameza dawa za kisukari au za kuyeyusha damu, siku hizi mbili ndo za kuongea na daktari kuhusu mlo na dawa, usiongee naye umeshakaa kwenye kiti.

Na asubuhi ya siku yenyewe kula vizuri kama ni ganzi ya kawaida ya mdomoni. Ila kama unalazwa usingizi au unachomwa dawa ya kukusinziisha basi utaambiwa ufunge kwa masaa kadhaa, na hilo lifuate bila kujadiliana maana chakula tumboni kwenye usingizi wa dawa ni hatari kwa mapafu.

Hatua ya 2: Masaa ya kwanza, usile mpaka ganzi iishe

Ganzi inakaa masaa mawili matatu manne, mara nyingine zaidi hasa taya la chini. Ukila wakati huo unaweza kuung'ata mdomo au ulimi mpaka utoke damu na usijue. Na hata ukinywa tu, mdomo wenye ganzi hauhisi moto, kwa hiyo unaweza kujiunguza palepale kwenye kidonda. Subiri. Ukiwa na kiu sana kunywa maji baridi kwa kikombe, pole pole.

Kwa kikombe nimesema, sio kwa mrija. Hii ya mrija watu wengi hawaielewi kwa sababu mrija unaonekana ndo njia salama ya kupita mbali na kidonda, kumbe ukivuta mrija unatengeneza mvuto ndani ya mdomo na ule mvuto unaweza kung'oa damu iliyoganda juu ya kidonda. Ile damu iliyoganda ndo bandeji yako ya asili, fizi mpya inaanzia hapo. Kutema kwa nguvu ni vilevile, kuvuta sigara ni vilevile tena sigara ina ubaya mwingine, nikotini inabana mishipa ya damu na kidonda kinakosa lishe, na wavutaji implanti zao zinafeli zaidi ya wasiovuta, hilo linajulikana. Kama kuna siku ulikuwa unaitafuta ya kuacha, ndo hii. Mate yakijaa mdomoni yameze au acha yadondoke yenyewe kwenye sinki.

Pamba ya gozi uliyopewa iume kwa kuituliza kadri ulivyoambiwa, kawaida ni nusu saa mpaka saa, itoe ndo ule. Usile nayo.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza yote iwe baridi au vuguvugu

Siku hii chakula hakitafunwi kabisa, kinamezwa. Mtindi, maziwa, ndizi iliyosagwa na maziwa kwenye blenda ikanywewa kwa kikombe au kijiko, supu iliyosagwa ikapoa, parachichi lililopondwa mpaka likawa kama krimu. Moto hapana, kwa sababu joto linafungua mishipa na damu inaanza upya. Namna ya kupima supu ni ileile ya kupima maziwa ya mtoto, dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani, usipohisi joto wala baridi basi iko sawa.

Pombe sahau. Sio leo tu, mpaka umalize dawa zote, na kama kwenye antibayotiki zako kuna metronidazo basi hata bia moja usiguse, wala siku mbili tatu baada ya kidonge cha mwisho. Hiyo metronidazo pia inaacha ladha ya chuma mdomoni, chakula chote kinakuwa kama umelamba kijiko, usiogope ni dawa tu, ukimaliza inaondoka.

Dawa ya maumivu panga iendane na mlo. Aibuprofeni inataka kitu tumboni, kwa hiyo kula nusu bakuli la mtindi au supu halafu meza, na ukikaa dakika kama 30 au 40 dawa ikishaanza kufanya kazi, hapo ndo unakula mlo wenyewe kwa raha. Mi kabla ya kujua hii nilikuwa nakula mlo mzima na maumivu halafu ndo nameza dawa, yaani naumia bure.

Usisukutue leo. Kabisa. Wala usilambe nyuzi kwa ulimi, najua zinawasha na ulimi unaenda wenyewe, ukiona umeenda urudishe.

Hatua ya 4: Siku ya 2 mpaka ya 7

Uvimbe unafika kileleni siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo ukiamka siku ya tatu sura imevimba kuliko jana usidhani umeharibu, ndo ilivyo. Kuanzia hapo unatakiwa uwe unashuka. Siku hizi mbili mdomo haufunguki vizuri na hamu ya kula hamna, lakini ndo siku mwili unahitaji malighafi ya kujengea, kwa hiyo usikae na chai na juisi tu.

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wanapungua kilo na kidonda kinachelewa kwa sababu ya hii. Protini ndo tofali. Mtu anayeponya jeraha mara nyingi anashauriwa apate kama gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni kama gramu 72 mpaka 90. (Mwenye shida ya figo asifuate hesabu hii, aulize kwanza.) Sasa fanya hesabu ya vyakula laini: yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, samaki aliyeiva gramu 100 ana kama 20, kikombe cha dengu zilizopikwa zikapondwa kama 18. Ukiangalia hivo unaona kwamba bakuli la viazi vya kupondwa peke yake halikufikishi popote, lakini viazi vilevile ukivipondea na maziwa na yai moja ndani vikiwa bado motoni yai likaiva, halafu ukaacha vipoe, hapo umekula. Supu ya boga ni maji na rangi, lakini supu ya boga iliyosagwa pamoja na dengu ni mlo kamili. Uji wa oti upikie maziwa badala ya maji. Kila kitu unachokipika jiulize naweza kukiongezea nini chenye protini bila kukifanya kigumu.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne kama hakuna damu unaweza kuongeza mayai ya kuvuruga yaliyo laini laini, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba kwa uangalifu na kuvunjwavunjwa, tambi zilizoiva sana zikakatwa fupi. Hivi tayari vinatafunwa kidogo, kwa hiyo peleka upande usio na implanti. Kama umewekewa pande zote mbili basi ponda kila kitu kwa uma kabla, na kazi ifanywe na ulimi ukikandamiza juu kwenye kaakaa.

Vya kukaa navyo mbali wiki hii sio vigumu tu. Kuna vyenye punje ndogondogo, ufuta, mbegu za chia, mbegu za stroberi, ngozi za mahindi, na ndiyo hata wali wa punje punje, unaonekana laini lakini punje moja ikiingia chini ya uzi kwenye fizi inakaa huko inaoza. Ukitamani wali upike bokoboko kabisa upondeke, na subiri wiki ya pili. Kuna vyenye asidi, ndimu, chungwa, nanasi, nyanya nyingi, vinachoma kidonda kama umemwagia spiriti. Pilipili vilevile. Kuna vinavyonata, siagi ya karanga, tofi, mkate mweupe ambao ukiutafuna unakuwa donge la gundi. Mkate ukiutaka loweka kwenye maziwa au supu na ukate kingo zake. Na vya kuvunjika vunjika, krispi, biskuti kavu, bisi, hivo vinakuwa kama vipande vya chupa kwenye fizi mbichi.

Vitamini C haipo kwenye machungwa tu, papai lililoiva lina nyingi na halichomi, liponde.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni choo. Chakula cha kusagwa kina nyuzinyuzi kidogo, na kama dawa yako ya maumivu ina kodini ndani yake basi tumbo linafunga kabisa. Maji mengi, oti, papai, mboga za majani zilizochemshwa zikasagwa ndani ya supu. Anza mapema usisubiri ufunge.

Kusafisha mdomo ni sehemu ya kula, haiwezekani ule mara sita halafu usukutue mara moja. Baada ya masaa 24 ya kwanza, kila ukimaliza kula chukua glasi ya maji ya vuguvugu weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, jaza mdomoni, inamisha kichwa kushoto kulia yatembee yenyewe, halafu fungua mdomo yadondoke. Usiyapige kwa mashavu. Kama umepewa dawa ya kusukutua ya kloheksidini, itumie mara ulizoambiwa na usile wala usinywe kitu muda baada yake, na ujue kwamba ukiitumia huku unakunywa chai nyeusi na kahawa meno yanapata madoa ya kahawia, tena inabadilisha ladha ya chakula kwa muda. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, mate yenye uchafu wa meno mengine ndo yanaleta bakteria kwenye kidonda.

Hatua ya 5: Wiki ya pili

Nyuzi zinatolewa au zinayeyuka zenyewe, kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapa mambo yanakuwa mepesi na sina mengi ya kusema. Ongeza nyama ya kusaga iliyopikwa kwenye mchuzi mpaka ikalainika, maharage yaliyoiva sana yakapondwa na maganda yakachujwa, karoti za kuchemsha, wali bokoboko, keki laini. Bado upande mwingine. Kukata kwa meno ya mbele acha, kila kitu kikatwe kwenye sahani kwa kisu kiingie mdomoni kikiwa kipande kidogo, na kama implanti yenyewe iko mbele basi hii ndo sheria yako kuu mpaka upate kraun.

Hatua ya 6: Wiki ya 3 mpaka daktari aseme, hapa ndo penyewe

Hakuna maumivu. Hakuna nyuzi. Watu nyumbani wameshasahau kama ulifanyiwa kitu, umerudi kula nao meza moja. Na mimi hapa ndipo nilipokosea. Ilikuwa siku kama ya 23 hivi, nikala nyama ngumu kidogo, upande wa pili kabisa, nikijiambia si niko upande wa pili, lakini ukiwa unaongea na watu huku unakula chakula kinahama chenyewe, hukiongozi, na nikasikia kitu kama tik. Nilikaa kimya nikaweka uma chini. Kesho yake nikaenda, kumbe kile kikofia kidogo cha chuma kinachochungulia kwenye fizi ndo kilikuwa kimelegea, implanti yenyewe ilikuwa salama, wakakikaza nikarudi. Lakini usiku ule sikulala, na daktari aliponieleza kuhusu ile wiki ya tatu na ya nne ndo nikaelewa kwa nini aliniangalia vile.

Kwa hiyo kipimo nachokupa ni cha uma. Chukua uma, ulaze kwa ubavu, kandamiza chakula bila kutumia nguvu. Kikikatika, kula. Kikikataa, bado. Samaki anakatika, kiazi kinakatika, omleti inakatika, kuku aliyechemshwa muda mrefu akalegea anakatika, nyama ya kuchoma haikatiki, karoti mbichi haikatiki, tofaa halikatiki mpaka ulichemshe. Kipimo hiki kizuri kwa sababu hakiulizi unajisikiaje. Na ukiwa mgeni mahali huhitaji kuelezea historia yako yote, unajaribu kimya kimya kwenye sahani yako.

Kwa wale waliofungiwa meno ya muda siku hiyohiyo juu ya implanti, hasa taya zima likibebwa na implanti nne au sita, tafadhali nisikilizeni zaidi ya wote. Nyie mnaonekana mna meno. Mnatabasamu, mnapiga picha, na mdomo unakushawishi utafune maana meno si yapo. Hayo meno ni ya sura kwanza. Chini yake skrubu bado zinashikwa na mbano, na kila ukiuma nguvu inaenda moja kwa moja kwenye mfupa ambao haujashika. Kipimo cha uma kwenu ni wiki 6 mpaka 12 kutegemea na daktari, bila siku ya mapumziko, hata kama kuna sherehe.

Jino linalovaliwa na kuvuliwa usilivae wakati wa kula mpaka uruhusiwe, linakandamiza fizi juu ya implanti kila ukitafuna.

Waliofanyiwa kuinuliwa sakafu ya sainasi (ule uwazi wenye hewa juu ya taya la juu unaoungana na pua), yaani wameongezewa mfupa taya la juu nyuma, kuna la kuongeza: mrija ni marufuku kwa muda mrefu zaidi, wiki mbili au kadri ulivyoambiwa, usipenge kamasi, na chafya ikija piga mdomo ukiwa wazi. Inaonekana haihusiani na kula lakini ukinywa kinywaji cha gesi kikakupanda puani utaelewa, kwa hiyo vya gesi navyo viache. Na ukiona chembechembe kama mchanga mdomoni siku za mwanzo baada ya kuongezewa mfupa, chache ni kawaida, zikiwa nyingi piga simu.

Wenye kisukari, hatari yenu ni mbili kwa wakati mmoja. Vyakula laini vingi vinapandisha sukari haraka, na siku ambayo huwezi kula kabisa halafu umemeza dawa au kuchoma insulini sukari inashuka ghafla. Pima mara nyingi kuliko kawaida wiki ya kwanza, egemea mayai, samaki, mtindi usio na sukari, parachichi, dengu. Sukari ikikaa juu kidonda kinachelewa na maambukizi yanapata nafasi.

Lini uache kusoma humu na upige simu: damu inayotiririka na haikomi hata baada ya kubana gozi safi nusu saa, maumivu yanayopanda baada ya siku ya tatu au ya nne badala ya kushuka, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa, usaha au ladha mbaya isiyoondoka, mdomo au kidevu kubaki na ganzi kesho yake, implanti au kikofia kucheza. Kushindwa kumeza au kupumua vizuri hiyo sio ya simu, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kraun imewekwa, sasa unaanza kutafuna

Hii hatua watu wanairuka kabisa, wanatoka kwa daktari wanaenda moja kwa moja kununua kitu kigumu. Shida ni kwamba implanti haina hisia za jino. Jino la asili limening'inizwa kwenye nyuzi ndogo sana ndani ya mfupa ambazo zinajua hata kipande cha mchanga kimeingia, zinakwambia punguza. Implanti imegandana na mfupa moja kwa moja, zile nyuzi hazipo, kwa hiyo unaweza kuuma kwa nguvu nyingi sana bila kujua. Tena taya lako limekaa miezi bila kutafuna upande ule, misuli imezembea na umeshazoea kula upande mmoja.

Wiki ya kwanza ya kraun endelea na vile vya uma, ila sasa peleka upande wa implanti makusudi, taratibu, ukisikiliza. Wiki ya pili ongeza kuku, nyama laini, mboga zilizoiva nusu. Wiki ya tatu mkate wenye ganda, tofaa lililokatwa vipande. Ukihisi kraun inagonga kabla ya meno mengine unapofunga mdomo rudi irekebishwe, hiyo sio ya kuzoea, ni kazi ya dakika chache tu na ukiiacha ndo inavunja skrubu au inachosha mfupa.

Barafu, mifupa, kufungua chupa kwa meno, hivo usivirudie hata miaka kumi ikipita. Kama usiku unasaga meno mwambie daktari akutengenezee kinga ya kulalia. Na chakula kitapenda kujibana pembeni ya kraun kwa sababu shingo yake ni nyembamba kuliko ya jino la asili, kwa hiyo brashi ndogo ya katikati ya meno ikae mfukoni au kwenye begi, kila baada ya mlo wa nyama pitisha pale. Mi ya kwangu iko kwenye begi mpaka leo, karibu na funguo.